Tumtazame mdudu kwanza, ndipo tupige dawa

Wahenga walituachia usemi kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Walikuwa wakimsema binadamu, lakini mfano waliouchukua ni wa mdudu. Hawakuwa na kamera wala hadubini, ila walijua kuwa adui mdogo aliye karibu ni mgumu kumwona kuliko adui mkubwa aliye mbali.

Leo nataka tuzungumze juu ya kumwona huyo mdogo. Nataka tuzungumze juu ya kupiga picha za wadudu kwa karibu sana, tena kwa lenzi za kuokoteza, zile ambazo fundi wa redio anazitupa jalalani. Najua wapo watakaosema kwamba huo ni mchezo wa watu wasio na shughuli. Nawaomba wavute subira. Mwisho wa mazungumzo haya nadhani tutakubaliana kuwa mchezo huu una faida shambani, ghalani na darasani.

Sisi tunaoishi Nyanda za Juu Kusini tunaishi ndani ya ghala la nchi. Kwa miaka mingi mikoa ya Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa imetajwa pamoja kama mikoa minne inayolisha Taifa, hata kabla Iringa haijazaa Mkoa wa Njombe mwaka 2012, na Mbeya haijazaa Mkoa wa Songwe mwaka 2016. Penye ghala hapakosi wadudu. Kwa hiyo habari ya wadudu kwetu si habari ya wataalamu peke yao. Ni habari ya chungu kilichoko jikoni.

Sasa simama siku moja katika duka la pembejeo, liwe la Mwanjelwa au la Iringa mjini, usikilize. Mteja anaingia.

"Shikamoo mzee. Nipatie dawa ya wadudu."

"Marahaba, kijana wangu. Wadudu gani?"

"Wadudu tu, mzee. Wanakula nyanya."

Muuzaji anapanda kigoda, anashusha chupa, mteja analipa na kuondoka. Hebu tujiulize: je, mgonjwa akifika hospitali akasema anaumwa "ugonjwa tu", daktari atampa dawa gani? Hatumlaumu muuzaji, maana hakuonyeshwa mdudu. Wala hatumlaumu mteja, maana mdudu mwenyewe ni mdogo kuliko punje ya mchele, na jioni ilikuwa imeingia alipomwona. Kilichokosekana ni ushahidi. Na ushahidi huo siku hizi unaweza kubebwa mfukoni, ndani ya simu.

Mimi nimekuwa nikipiga picha za wadudu tangu enzi za mkanda. Wakati huo mkanda mmoja ulikuwa na picha 36, na kila picha ilikuwa pesa. Ulipiga, ukasubiri mkanda uishe, ukaupeleka studio, ukasubiri tena, na picha ziliporudi ndipo ulipojua kama ulimpata nzi au ulipata ukungu. Kamera niliyotumia ilikuwa Zenit ya Kirusi, nzito kama tofali, ambayo lenzi yake ilifunguliwa kwa kuzungushwa kama mfuniko wa chupa. Na hapo ndipo palipokuwa na siri.

Lenzi ya kamera ya kawaida imetengenezwa kwa kazi moja: kuchukua kitu kikubwa kilicho mbali, tuseme Mlima Loleza, na kukifanya kiwe kidogo kitoshe kwenye mkanda ulio karibu nyuma yake. Sasa ukiigeuza lenzi hiyo, ile sehemu ya nyuma ikatazama mbele, kazi nayo inageuka. Inachukua kitu kidogo kilicho karibu na kukifanya kikubwa. Lenzi ileile iliyomeza mlima inamkuza chungu. Hakuna kilichoongezwa wala kununuliwa. Kimegeuzwa tu.

Njia ya pili ya zamani ni kuisogeza lenzi mbali na mkanda. Kadiri unavyoisogeza mbele, ndivyo inavyoweza kuona kitu kilicho karibu zaidi. Lenzi ya milimita 50 ikisogezwa mbele milimita nyingine 50, mdudu anaandikwa kwenye mkanda kwa ukubwa wake halisi. Viwandani walitengeneza vyuma vya duara kwa kazi hiyo, kwa bei ya kiwandani. Wapiga picha wasio na uwezo huo walikata kipande cha bomba la plastiki, lile la maji, wakakipaka ndani rangi nyeusi isiyong'aa ili mwanga usirukeruke, na kazi ikaenda.

Siku hizi Zenit zimekuwa mapambo ya kabatini, na kila mtu ana simu. Simu nyingi haziwezi kumwona mdudu aliye karibu kuliko upana wa kiganja. Ukisogea zaidi, picha inakuwa ukungu. Lakini dawa yake ipo kwa fundi. Muombe fundi wa vyombo vya umeme deki mbovu ya DVD. Ndani yake kuna kijilenzi kilichokuwa kikisoma diski, kidogo kuliko punje ya hindi. Kitoe taratibu. Deki iwe imechomolewa kabisa kwenye umeme, na usiijaribu kuiwasha ikiwa wazi, kwa sababu mwanga unaosoma diski unaweza kuharibu jicho. Chukua kipande cha kadi ngumu, toboa tundu linalotosha, kaza kijilenzi hapo, kisha kibandike kwa solotepu mbele ya lenzi ya simu yako. Jaribu upande mmoja, halafu jaribu na wa pili, maana upande mmoja huwa na picha safi kuliko mwingine.

Asiye na deki atumie kioo cha kukuzia cha mzee anayesoma gazeti, au lenzi ya kamera ya zamani iliyogeuzwa na kushikwa mbele ya simu. Hata tone la maji safi likiwekwa juu ya lenzi ya simu iliyolazwa linakuza, ingawa linatikisika, na simu isiyovumilia maji inaweza kuharibika.

Hayo ni ya chombo. Yanayobaki ni ya mkono na ya subira, na ndiyo magumu.

Kwanza, lenzi ya namna hii inaona vizuri mahali pembamba sana, pembamba kama karatasi. Jicho la nzi likionekana vizuri, mguu wake umekwisha kuwa ukungu. Usihangaike kugusagusa kioo cha simu. Egemeza mkono kwenye jiwe, kwenye goti au kwenye sanduku la kiberiti, halafu sogea mbele na nyuma kwa upana wa unywele, huku ukipiga picha nyingi. Katika 20 utapata 1, na hiyo 1 inatosha.

Pili, mwanga. Ukisogea karibu kiasi hicho, simu yenyewe inamtia mdudu kivuli. Shika karatasi nyeupe upande wa pili wa jua, imrudishie mwanga. Ile karatasi ya kung'aa ya ndani ya pakiti ya sigara nayo inafaa, na hiyo ndiyo faida pekee ya sigara ninayoijua. Taa ya simu ni kali mno, inafanya mgongo wa mdudu ung'ae kama sufuria. Ifunike na kipande cha karatasi nyeupe.

Tatu, na hapa watu wa nyanda za juu tumebarikiwa, ni saa. Mdudu hana moto wake mwenyewe mwilini kama sisi. Anategemea jua limpashe. Asubuhi ya baridi hawezi kuruka. Mtu wa Dar es Salaam anahangaika kumkimbiza kipepeo tangu alfajiri, lakini wewe wa Makete, Mufindi au Uporoto, mwezi wa sita na wa saba, unamkuta kati ya saa 12 na nusu na saa 2 asubuhi ameganda juu ya jani, umande umemjaa kama shanga, anakungoja. Baridi ileile tunayoilalamikia ndiyo inayomshika mdudu mkono.

Baada ya kujifunza hayo, ndipo utakapoona mambo. Utaona kuwa jicho la nzi ni macho mengi madogo yaliyopangwa kama masega ya nyuki. Utaona kuwa ubawa wa kipepeo umeezekwa kwa vigae, kigae juu ya kigae, na ule unga unaobaki vidoleni ukimshika ni vigae vilivyong'oka. Lakini sikuja hapa kusifu uzuri tu. Nimekuja na habari ya hasara.

Chukueni nyanya. Ilula, wilayani Kilolo, ni jina linalojulikana sokoni kwa nyanya. Mwaka 2014 aliingia nchini mgeni mmoja kutoka Amerika ya Kusini, nondo mdogo wa kijivu ambaye wataalamu wanamwita Tuta absoluta. Wakulima wetu hawakungoja jina la kitaalamu. Walimwita kantangaze, yaani nenda ukanitangaze, kwa sababu aliyepatwa hakuwa na la kufanya ila kwenda kutangaza msiba. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mgeni huyu alikuja mwenyeji akafilisika.

Ubaya wa kantangaze ni kwamba mtoto wake hakai juu ya jani. Anaingia katikati ya ngozi mbili za jani, anakula nyama ya ndani, akiziacha ngozi zote mbili kama kuta za nyumba. Kwa nje unaona doa la kahawia tu. Mama mmoja wa njia ile ya Ilula alinionyesha shamba lake likiwa na madoa hayo. Nilimsalimu "Kamwene, mama, shikamoo," naye kabla hajamaliza kuitikia alikwisha nishika mkono kunipeleka kwenye matuta.

"Mwanangu, ni ukungu huu," aliniambia. "Nimepiga dawa ya ukungu wiki mbili. Pesa ya ada ya mtoto imeishia hapa."

Tulichuma jani moja tukalishika mbele ya jua, nikapiga picha kwa lenzi ya deki. Kwenye kioo cha simu jani liling'aa kama karatasi iliyopakwa mafuta, na ndani yake alionekana kiwavi wa kijani, mzima, anatembea, na nyuma yake rundo la kinyesi cheusi. Mama alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kumbe nilikuwa nampiga mtu aliye ndani kwa kumpaka chokaa ukutani."

Sijasikia mtaalamu aliyeeleza jambo hilo vizuri kuliko yule mama. Dawa ya ukungu haiui kiwavi. Na hata dawa ya wadudu, ikiwa ni ile inayobaki juu ya jani tu, haimfikii aliye ndani ya kuta. Tena yuko nzi mwingine mdogo ambaye watoto wake nao huchimba ndani ya jani la nyanya, lakini yeye huacha mstari mwembamba unaopindapinda kama barabara ya Kitonga, wakati kantangaze huacha doa pana. Wawili hao hawatibiwi sawa, na picha moja ya karibu inawatenganisha.

Twende kwenye mahindi. Zamani tulimjua kiwavijeshi mmoja, anayekuja kwa makundi na kuhama shamba hadi shamba kama jeshi. Mwaka 2016 taarifa zilitoka Afrika Magharibi kwamba ameonekana mwingine kutoka Amerika, na mwaka 2017 alikuwa amekwisha kuthibitishwa Tanzania. Huyu ndiye kiwavijeshi vamizi. Yeye hujificha ndani ya bomba la mhindi mchanga na kuacha uchafu kama unga wa msumeno. Ukimtazama kwa macho ni kiwavi tu kama viwavi wengine. Ukimtazama kwa lenzi, usoni ana alama ya herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa kama pembe za mraba. Hicho ndicho kitambulisho chake. Na ukishamjua, unajua pia kwamba kunyunyiza dawa juu ya majani ya nje ni kumwagia maji bata. Lazima iingie kwenye bomba alimojificha, tena angali mdogo.

Twende ghalani. Karibu kila nyumba ya mjini hapa ina gunia la mahindi kutoka kwa ndugu wa kijijini. Mnamo mwanzo wa miaka ya 1980 Tanzania ilimgundua kule Tabora mdudu wa ghalani kutoka Amerika ya Kati, ambaye hakuwa amejulikana Afrika kabla ya hapo. Ndiye dumuzi, na wananchi walimpa jina la lori: Scania. Fukusi wa kale ana mdomo mrefu uliochomoza kama mkonga. Dumuzi hana mkonga. Kichwa chake kimeinamia chini ya kifua, na nyuma yake amekatika wima kama gogo lililopitishwa msumeno. Wote wawili ni wa milimita chache, wote wana rangi ya kahawia, na kwenye giza la ghala wanafanana. Lakini dawa iliyozoea kumuua fukusi haikumtosha dumuzi, na iliyomuua dumuzi haikumtosha fukusi, ndiyo maana ikabidi dawa mbili zichanganywe katika unga mmoja. Aliyebahatisha jina la mdudu wake alilipia dawa na akala vumbi.

Ndugu wasikilizaji, mpaka hapa nimewasema maadui. Itakuwa dhuluma nisipowasema marafiki, kwa sababu nao tunawaua kwa kutowajua.

Yuko yule mdudu wa mviringo, mwekundu mwenye madoa meusi, ambaye watoto humpenda. Huyo hula vidukari, wale wadudu laini wanaofyonza maharage na kabichi. Wengi wanamjua akiwa mkubwa. Mtoto wake je? Mtoto wake hafanani naye hata chembe: ni mweusi, mrefu, ana miiba na madoa ya rangi ya chungwa, kama mamba mdogo. Mkulima akimwona humponda, akidhani ndiye mharibifu. Nimewahi kumpiga picha mmoja wao kwenye bustani ya kabichi Uyole akiwa na kidukari mdomoni. Tangu mwenye bustani alipoiona picha hiyo hajamponda tena mwingine.

Na Kyela je? Sehemu kubwa ya kakao ya nchi hii inatoka Kyela. Ua la mkakao ni dogo na limefungwa kwa namna ambayo nyuki hawezi kulifanyia kazi vizuri. Mshenga wa ndoa ile ni kijinzi cha milimita moja hadi tatu, ambacho huzaliana kwenye majani na maganda yanayooza penye unyevu chini ya mti. Mkulima anayefagia shamba mpaka ling'ae kama uwanja wa shule na kupiga dawa hovyo, anamfukuza mshenga, kisha anashangaa bibi harusi haolewi.

Mambo haya ya lenzi za kuokoteza msidhani ni ndoto yangu. Mwaka 2013 madaktari walichapisha habari ya kazi waliyoifanya kisiwani Pemba. Walichukua simu, wakabandika mbele yake kwa utepe lenzi ya duara ya milimita 3, vifaa vya nyongeza vikiwa vya kama dola 8, wakatazama sampuli 199 za choo cha watoto kutafuta mayai ya minyoo. Walikuta kuwa simu ile iliwaona vizuri minyoo wa aina fulani, wale wakubwa wa matumbo, ingawa minyoo ya safura ilimpita mingi. Haikuwa sawa na hadubini ya hospitali, na wenyewe hawakuficha. Lakini walionyesha kwamba kisiwani kwetu, kwa utepe na kigololi cha kioo, yanaonekana mambo yasiyoonekana kwa macho.

Aidha, Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani kwa kushirikiana na taasisi ya utafiti wa kilimo ya IITA walitengeneza programu ya simu na kuipa jina la Kiswahili, Nuru. Simu inaelekezwa kwenye jani la muhogo au la mhindi, nayo inataja ugonjwa au shambulio la kiwavijeshi vamizi, hata mahali pasipo na intaneti. Programu kama hiyo ni mtu mwenye akili asiye na miwani. Ukimpa picha ya ukungu, atakupa jibu la ukungu.

Na kama tunadhani wazungu walianza na mashine kubwa, tukumbuke kuwa Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek, aliyewashangaza wasomi wa London kwa barua zake kuanzia mwaka 1673, alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Lenzi alizitengeneza mwenyewe, ndogo kama shanga.

Sasa nisieleweke vibaya. Picha ni shahidi, si hakimu. Wako wadudu ambao hata mtaalamu hawezi kuwatenganisha kwa picha, mpaka amlaze mwenyewe chini ya hadubini. Kwa hiyo anayepiga picha ampige mdudu kwa juu, kwa ubavu na kwa uso. Aweke kando yake njiti ya kiberiti ili ukubwa ujulikane. Apige na jani lililoliwa, na mmea mzima. Aandike tarehe na mahali. Halafu amtie mdudu mwenyewe kwenye kichupa, ili akihitajika aonekane. Picha na kichupa vikifika kwa bwana shamba, au kwa watafiti wa TARI pale Uyole, hapo mazungumzo yanaanzia mahali pa maana.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Bwana shamba mmoja ana vijiji vingi na pikipiki moja, na siku nyingine pikipiki haina mafuta. Hatuwezi kumngoja kila shamba. Lakini picha inasafiri kwa sekunde chache, na jibu lake linaweza kuokoa msimu.

Kwa hiyo nina maombi matatu.

La kwanza ni kwa wenye maduka ya pembejeo. Wekeni kioo cha kukuzia juu ya meza, chenye kamba kisipotee. Mteja akisema "wadudu tu", mwambieni kwa upole arudi na mdudu au na picha. Mtapoteza mauzo ya siku moja, mtapata mteja wa miaka.

La pili ni kwa walimu. Shule nyingi za sekondari hufundisha miguu sita ya mdudu kwa kuichora ubaoni, kwa sababu hadubini hakuna au ipo moja kabatini, imefungwa. Deki mbovu zimejaa mitaani Soweto na Kihesa. Simu moja ya mwalimu na kijilenzi kimoja vitawaonyesha watoto 50 mguu wa nzige ulivyo na meno kama msumeno. Mtoto aliyeona hivyo hahitaji kukariri.

La tatu ni kwetu sisi wanunuzi wa mjini, tunaodhani jambo hili ni la wakulima. Dawa iliyopigwa bure wiki mbili kwa mdudu asiyejulikana haikuishia shambani. Nyingine imekwenda mtoni, nyingine imewaua nyuki, na nyingine imepanda gari kuja sokoni juu ya nyanya iliyonona. Kutomjua mdudu kunalipwa na wote, mlaji akiwemo.

Kuna watu wanaodhani kila kiumbe kimekwisha kujulikana na kuandikwa. La hasha! Mwaka 1990 kilitoka kitabu kikubwa cha Jan Kielland juu ya vipepeo vya Tanzania, matunda ya miaka mingi ya kutembea misituni. Lakini hata baada ya kazi za namna hiyo, mwaka 2003 wanasayansi walikutana na kima mzima, mwenye mkia mrefu na sauti kubwa, katika misitu ya Rungwe na Kitulo, ambaye hakuwa kwenye vitabu vyao. Ndiye kipunji. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamjua siku zote, lakini hakuna aliyekuwa amewauliza. Ikiwa kima aliweza kupita bila kuandikwa mpaka karne hii, ni wadudu wangapi wanaolala kwenye majani ya Rungwe, Kitulo na Udzungwa asubuhi hii, wakingoja mtu mwenye lenzi ya deki na subira?

Mdharau mwiba mguu huota tende. Mdudu ni mwiba wenye mbawa. Kabla ya kuinua bomba la dawa, tuiname kwanza, tumtazame usoni, tumjue ni nani. Akiwa adui, tumpige mahali alipo. Akiwa rafiki, tumwache aendelee na kazi yake, maana anatufanyia bila mshahara.